Ndizi za Siku Mbili

Wapendwa, kule Bukoba palikuwa na mama mmoja, mjane, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda ndege. Binti yake alilazwa Mwanza, apasuliwe tumbo saa tano asubuhi, na alichoomba kilikuwa kimoja tu: amwone mama yake kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Ndugu wakachanga, wakamkatia mama tiketi ya ndege ya asubuhi.

Basi mama akaamka alfajiri, akaingia jikoni. Akapika ndizi na maharage, akazifunga kwenye majani ya mgomba kama anahama. Akaongeza mihogo, karanga, na mkungu mzima wa ndizi mbivu. Pale uwanjani dada wa mizani akabaki kumtazama.

"Mama, chakula chote hiki cha nani?"

"Cha njiani, mwanangu. Mwanza ni siku mbili."

"Kwa ndege ni kama dakika arobaini na tano tu, mama."

"Labda hizo ni za kupanda ngazi," akamjibu.

Naona mnacheka. Chekeni, nitawangoja. Mzigo ulizidi, ikabidi agawie foleni nzima, akabaki na furushi moja la ndizi, akalipakata. Alipokaa akatoa rozari. Hajamaliza fungu la tano, jirani yake akamgusa bega.

"Tumefika, mama."

"Tumefika wapi? Na ziwa lote lile?"

"Tumeshalivuka."

Saa nne alikuwa hospitalini. Binti kalala kwenye kitanda cha magurudumu, tayari kuondoka, wala haruhusiwi kula. Akanyoosha mkono akalishika lile furushi. "Mama," akasema, "bado la moto." Mama akalia, akalia mpaka nesi akamletea kiti.

Alilia nini? Miaka thelathini nyuma, mama yake mzazi alilazwa Mwanza hiyohiyo, naye akaagiza aitiwe binti yake. Yule binti, ndiye mama huyuhuyu, alipika ndizi hivihivi, akazifunga vilevile. Mvua ikakata barabara, basi likalala porini. Alipofika siku ya pili, chakula kilikuwa kimechacha, na kitanda kimeshapewa mgonjwa mwingine. Kwa hiyo ndizi za siku mbili hazikuwa ushamba, jamani. Hiyo ndiyo Mwanza aliyoijua.

"Asante, Mungu wangu," alikuwa akisema katikati ya kilio. "Safari hii nimewahi."

Na binti alipona.

Sasa tuje kwetu. Ziwa halikupungua hata ndoo moja, Bukoba na Mwanza ziko palepale. Mungu ametufupishia saa tu, akatupa ndege, akatupa lami, akatupa simu mfukoni. Na sisi tunashukuru, tena kwa makofi na vigelegele. Lakini hebu niambieni, nani aliyekuita mwezi uliopita ukamwambia ni mbali? Mama yule, njia ilipokuwa siku mbili, alikwenda. Wewe una dakika arobaini na tano, na bado hujafika. Huo umbali uliobaki ni wa nani?

Shukrani ya yule mama ilikuwa kwenye furushi. Tukitoka hapa, kila mmoja apite jikoni kwake, afunge chochote alichonacho, aende kwa huyo anayemngoja. Kifike kingali cha moto.