Wimbo Uliomsema Dada

Kaeni, ndugu zangu. Leo nina mfano, na nawaomba mnisikilize mkiangalia mbele, maana mnavyopenda kuangalia pembeni nikihubiri mnanichosha.

Mwanamke mmoja alipenda sana nyimbo za gita. Sisemi muziki wa spika za kutikisa madirisha. Nasema mwimbaji mmoja na gita lake, nyimbo za kutunga mwenyewe, katika ukumbi mdogo ambao hata ukikohoa anakusikia. Watu wanakaa kwenye viti vya plastiki, kimya, wanasikiliza maneno.

Huyu mwanamke alikuwa na dada yake mkubwa, na walikuwa hawasemezani. Mama yao alipougua, mdogo mtu ndiye aliyemuuguza, akamlisha uji, akamkogesha, mpaka akamzika. Dada mtu alikaa mji uleule na hakuja hata kumjulia hali. Je, alikosa? Alikosa sana, na mimi simtetei.

Jumamosi moja jioni shoga yake akamwambia, "Twende tukamsikilize yule bwana wa gita, ana wimbo mpya." Kufika, wanamkuta dada mtu kakaa mbele kabisa. Mdogo mtu akataka kugeuza. Shoga akamshika mkono: "Kaa bwana, ukumbi si wake."

Mwimbaji akaanza taratibu:

*Mlango niliuona, hodi sikuweza bisha,*
*Ukabaki peke yako, mama ukimkogesha.*

Mdogo mtu akamgusa shoga yake. "Unasikia? Anasemwa huyo. Leo kapatikana."

Basi akainuka. Katika ukumbi ambamo hajawahi kuinuka hata paka, akapiga vigelegele, akatoa noti kwenda kumtunza mwimbaji kama yuko kwenye taarabu ya harusi. Na hakwenda moja kwa moja. Alikizunguka kiti cha dada yake, anacheza, anaipunga noti juu ya kichwa cha mwenzake. Shoga anamvuta gauni, wapi. Dada mtu akainama, akachukua mkoba wake, akatoka. Mdogo mtu akajiona ameshinda.

Wimbo ulipokwisha akamchomekea mwimbaji noti kwenye gita. "Kaka, umempa ukweli wake."

Mwimbaji akamrudishia. "Dada, sikutunga wimbo huu kumsema mtu. Dada yako alikuja kwangu akilia. Alisema aliogopa kumwona mama yenu katika hali ile, na kila akija kukuomba radhi unamfungia mlango. Akaniomba nimsemee. Tulikubaliana nikifika ubeti wa mwisho, atasimama."

"Na ndiyo maana nilikuleta," shoga akasema.

Mdogo mtu akakimbilia nje. Dada hayupo. Na tangu siku ile, mlango uliofungwa ni wa dada.

Jamani, mwimbaji aliimba "niliuona." *Ni.* Hakuimba "uliuona." Mtu anakiri kosa lake mbele ya ukumbi mzima, na aliyekosewa anasikia mwenzake anasutwa. Masikio gani hayo?

Ni haya yetu. Sisi Neno la Mungu tunalisikiliza hivyohivyo. Nikihubiri msamaha, mnanipa mkono pale mlangoni: "Mchungaji, leo umewasema." Nimewasema akina nani? Mwaka wa ngapi huu nawahubiria watu ambao hawapo? Na wagumu kuliko wote ni sisi tuliokosewa kweli. Mkosaji ana wasiwasi, anatega sikio. Sisi tuna haki yetu, tumekaa juu yake kama kuku juu ya mayai, na neno likija tunalipokea kama fimbo ya kumchapia mwenzetu. Kumbe lilikuwa linakuja kutuomba radhi. Mama, huyo unayemgusa kiwiko mwache.

Sasa niwaambie kwa nini nimeleta mfano huu. Nimetumwa. Kuna mtu humu alimkosea ndugu yake, na ndugu yake yumo humu pia. Amehangaika kusema mwenyewe, ameshindwa, akaja kwangu. Sitawataja. Nitanyamaza kidogo ili asimame. Tafadhali, mtu yeyote asitoke.