Sarafu ya Jina Moja

Hapo zamani, sarafu zilipogongwa moja moja kwa nyundo, mji wa Kingwe ulikuwa na sarafu yake ya fedha, ndogo kama ukucha. Upande mmoja jina la Mungu, upande wa pili jina la sultani.

Akatawala Sultani Mwengo, mtu wa majivuno. Akamwita Mwanashee, mchonga mihuri ya kugongea sarafu.

"Nataka jina langu pande zote mbili."

"Na la Mungu, Mwinyi?"

"Mungu anajulikana. Chonga."

Mwanashee akaondoka kwa hasira. Muhuri huchongwa kinyume, ndipo sarafu isomeke sawa. Akachonga pande zote mbili: Ufalme ni wa Mungu. Sultani akaugeuza huku na huku, asiweze kuusoma, akaona haya kuuliza. Akasema, "Vizuri."

Kitwana, mgonga sarafu, hakuambiwa kitu. Akagonga ya kwanza, akaisoma, akamtazama Mwanashee. Kisha akainua nyundo akagonga tena, akagonga hadi fedha ikaisha, sarafu zikaenea sokoni.

Sultani alipozisoma alitaka kichwa cha mchongaji. Kitwana akasema, "Muhuri wake niliutupa. Huu ni wangu." Akakatwa mkono wa kulia. Mwanashee alikuwepo, na hakufungua mdomo.

Likapigwa la mgambo: sarafu zote zirudishwe ziyeyushwe. Binti Shale, muuza shanga, akawaambia askari, "Yangu siitoi. Niueni muichukue." Soko zima likamfuata. Hakuna aliyewauzia askari hata konzi ya mtama. Siku ya saba askari wakatawanyika kwa njaa, na sultani akauhama mji.

Wazee wakaamua sarafu mpya iwe na jina la Mungu, na upande wa pili jina la aliyeliokoa. Nafasi ilikuwa ya jina moja tu.

Kitwana akasema, "Mimi nimelipa kwa mkono wangu."

Binti Shale akasema, "Nasi kama tungezirudisha, kaka yangu, mkono wako ungekwenda bure."

Mwanashee akasema, "Bila mimi ungegonga nini, na wewe ungekatalia nini? Nilinyamaza, ndiyo, na kunaniuma hadi leo. Lakini maneno yale ni yangu, na siyaombei radhi kwa mtu."

Akashika tindo, muhuri mtupu mbele yake, wazee wakingoja.

Haya, mlioketi hapa, mwambieni achonge. Je, ni nani aliyestahili?