Mabati ya Mke Mkubwa

Nawaona mnavyotazamana. Hata sijaanza, wa nyuma kule wameshaguna kwamba leo bibi kaja na habari za mtandao, bibi mwenyewe aliishia darasa la saba. Haya, guneni mmalize. Na wewe Bi Hawa uliyeshika shavu, lishushe, maana haya ukiyabishia hapa utayakuta yanakungoja nyumbani.

Palikuwa na mwanamume mwenye wake wawili katika kiwanja kimoja cha mteremko. Nyumba ya mke mkubwa ilikuwa juu, ya mke mdogo chini, hata ukisimama barazani kwa mkubwa ulikuwa unaliona paa la mdogo lote, pamoja na ndala ambazo watoto wamerusha zikakwama. Mke mkubwa alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, anafanya kazi ya uuguzi Mwanza. Binti akaposwa, na ndoa ikapangwa kufungwa huko huko, siku ya Ijumaa baada ya swala. Baba mtu ndiye walii wa kumwozesha, kwa hiyo atasafiri. Mama mtu goti lilikuwa limevimba halikunjiki, na basi la kutwa nzima angelikaaje? Binti hakutaka mama yake akose. Akamtuma fundi, akaja kufunga dishi la mtandao ukutani, chini ya ukingo wa paa, na ndani akaweka kisanduku cha kuugawa, ili siku hiyo mama aitazame ndoa kwenye simu kana kwamba amekaa nao mkekani.

Wazo zuri. Lakini kisanduku kikigawa hakiulizi nani mkubwa nani mdogo. Mume akamnong'oneza mke mdogo neno la siri, na simu ya mdogo ikawa inashika mtandao ule ule akiwa barazani kwake. Mke mkubwa alipojua alikaa nalo kifuani. Akimwona mwenzie anachekea simu, anahisi kicheko kile kimepakuliwa kwenye chungu chake. Mume akimaliza kula kwa mkubwa anateremka kwa mdogo kutazama mpira, na mkubwa anajiambia, kwa mtandao wangu. Hayo aliyameza. Lililomkwama kooni ni la siku aliyoteremka bombani kuchota maji, akasikia sauti ya binti yake mwenyewe ndani ya simu ya mke mwenzie.

"Mama mdogo, hina nipake mpaka kwenye kiwiko au niishie mkononi?"

Mke mdogo akajibu, na wakacheka wote wawili, kicheko kirefu cha watu waliozoeana. Mama mzazi amesimama na ndoo. Yeye binti yake humpigia kumwuliza goti linaendeleaje. Ninyi mliozaa, niambieni, hapo mngetulia?

Hakutulia. Angeweza kubadili neno la siri, lakini aliyelishika neno hilo ni mume, ilibidi amwombe, na kumwomba mume ni kukiri wivu, na yeye ni mke mkubwa. Akaamua kusoma. Akamwita fundi, akamwambia nifundishe huu mtandao unakujaje. Fundi akafurahi, kwani ni akina mama wangapi wanaouliza? Akamweleza taratibu kwamba simu haina hizo picha ndani yake, inaziomba. Ombi linaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinalipeleka kwenye dishi, dishi linalirusha hewani hadi mnara ule wa kilimani, na kutoka hapo linashika nyaya za ardhini mpaka kwenye kompyuta ya mbali iliyohifadhi kinachotakiwa. Jibu nalo linarudi likiwa limekatwa vipande vipande, kila kipande kimeandikwa anwani ya aliyeomba, vinakuja kuungwa humu humu mkononi mwako. Ila dishi, alisema, lazima liuone mnara, kama watu wawili wanavyotazamana.

Yote hayo yaliingia huku yakatokea kule. Yeye alikuwa na swali moja.

"Na usipotaka ufike mahali, unazuiwa na nini?"

Fundi alidhani anauliza kwa kujihadhari. "Miti inaupunguza, ukuta wa tofali unaupunguza. Bati ndilo linalozuia kabisa, mama."

Mmeona mtu mwenye wivu anavyosoma? Kafundishwa kitabu kizima, katoka na neno moja, na neno lenyewe bati.

Akatangaza kwamba kuku wa chini wanamharibia mchicha. Akaita maseremala, akaleta mabati ya futi kumi, akayasimamisha wima hatua mbili tu kutoka ukutani kwake, upande wote unaotazama nyumba ya mwenzie. Misumari ya mwisho ilipigwa Ijumaa asubuhi, mume yuko Mwanza, pilau iko motoni. Mke mkubwa akaligonga bati kwa kidole, likalia, akaridhika. Sasa tuone utacheka na mwanangu kwa mtandao wa nani.

Baada ya swala wanawake wakajaa sebuleni kwake. Simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai ili kila mtu aone. Ikapigwa, picha haikuja. Kaduara kakawa kanazunguka tu. Mmoja akasema izime uiwashe, mwingine akasema isogeze dirishani. Mke mkubwa anaipiga tena na tena, maana anajua Mwanza sheikh ameshakaa. Ikabidi fundi apigiwe kwa simu ya kawaida, naye akauliza jambo moja, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

"Mama, kuna kitu kimesimama mbele ya dishi?"

Vichwa vyote viligeukia dirisha. Mnara ulikuwa kwenye kilima cha ng'ambo, na katikati, huko bondeni, ipo nyumba ya mke mdogo. Tangu siku ya kwanza kila kilichomfikia mke mkubwa, kila salamu na kila picha ya binti yake, kilikuwa kinapita juu ya paa la mwenzie. Sasa hapo palikuwa na bati jipya linametameta, na kuling'oa kulitaka wanaume, nyundo na saa nzima.

Hapo mke mdogo akaingia, simu mkononi, inaongea. Alikuwa anaitazama ndoa tangu mwanzo. Mgeni mmoja akamwuliza yeye imekuwaje anapata.

Mke mdogo akamgeukia mke mkubwa. "Mimi natumia bando la simu ninalonunua mwenyewe, dada, tangu mwezi uliopita. Huo wa kwako niliuacha, nikaona tukiung'ang'ania wawili utakusumbua siku ya leo. Shika, mwanao anakutafuta."

Na kwenye kioo binti, mtandio mweupe kichwani, anauliza mama yuko wapi, baba yuko tayari kuozesha.

Tusimame hapo, wenzangu. Simu imenyooshwa, haijapokelewa.

Mnasema ninyi mngeipokea. Sisi? Sisi tunaoondoka shughulini na njaa zetu kwa sababu aliyepewa upawa ni fulani? Sisi tunaokataa dawa ya mtoto hadi tujue imetoka kwa jirani yupi? Tunamwomba Mwenyezi Mungu usiku na mchana, halafu tunadhani jibu lazima lishuke wima juu ya paa letu, lisimguse mtu mwingine. Nani alituahidi hivyo? Riziki zetu nyingi zinapita kwanza juu ya paa la yule tusiyetaka kumwona. Tukisimamisha bati ili yeye akose, yeye hakosi, ana Mola wake. Tunaobaki na kaduara ni sisi. Na Mungu kwa huruma yake bado hatuachi, anatuletea kile kile kwa mkono wa mtu yule yule, na hapo ndipo penye mtihani. Bati linang'oleka. Lakini kunyoosha mkono ukapokea kwa huyo, mbele ya watu, hilo limewashinda wanaoswali kuliko mimi na ninyi. Leo tukifika nyumbani, kabla hatujabandika sufuria, kila mmoja wetu akatazame bati lake kalisimamisha wapi.

Mnangoja kujua alifanya nini. Aliitazama ile simu. Alimwona mwanawe, na aliuona mkono uliomshika mwanawe, una bangili kama zake, za mume yule yule, na alichokiona zaidi ni huo mkono. Akainuka kwa shida, goti likimchoma, akawapita wageni mmoja mmoja. Nyuma yake sheikh anasoma, baba anaitikia, wanawake wamevuta pumzi kusubiri vigelegele. Nyumba ilikuwa yake. Akatoka, akaufunga mlango.