Bwana Kisendi Apewa Kiti cha Mbele

Mashavu, karani wa kliniki ya macho, alikuwa mpole wa sura tu. Asubuhi hiyo benchi lilijaa wagonjwa waliokwisha kutiwa matone. Kila mmoja alikuwa amefumba macho, akingoja Mashavu amguse bega aingie kwa daktari. Ndipo akatokea Bwana Kisendi, tajiri wa malori, tumbo likimtangulia.

"Mimi sipangi foleni na hawa," alisema. "Mganga mkuu ni shemeji yangu. Nisipotangulia, kesho utafagia mochwari."

Bi Mosi, ajuza aliyetoka kijijini tangu alfajiri, akaguna.

"Mtu kama wewe hakai nyuma, mzee wangu," Mashavu alimjibu tajiri. "Njoo kwenye kiti hiki, kando ya mlango wa daktari."

Kisendi akajimwaga kitini. Muuguzi akamtia matone.

"Sasa fumba macho dawa ikolee," Mashavu alisema. "Usifumbue mpaka nikuguse bega."

Alifumba, ametulia kama bwana harusi. Baadaye akasikia miguu.

"Nani hao?"

"Watu wanaondoka, mzee."

"Wamejua hawaniwezi."

Daktari alipomaliza kumtibu Bi Mosi na benchi zima, Mashavu akamgusa Kisendi bega. Tajiri akafumbua macho yaliyojaa ukungu, akaliona benchi tupu.

"Wamekimbia wote?"

"Hakubaki hata mmoja, mzee."

Kisendi alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Wewe unajua kazi. Nitamwambia shemeji akupandishe cheo."

Na kweli, akapandishwa.