Pengo la Mchi Mwembamba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba mno. Tena: Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kinu, pakawa michi mitatu. Mimi natwanga kwa mdomo, ninyi pepeteni kwa masikio.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakila ugali kama sisi, Tembo alikuwa na ua mkubwa wa kutwangia mtama. Kwenye kinu kimoja walitwanga watatu: Kongoni, Pofu na Digidigi. Pofu alishindilia, Kongoni aliponda, na Digidigi, mwenye mchi mwembamba kuliko wote, aligeuza mtama uliokimbilia pembeni. Tu, tu, ti. Tu, tu, ti. Mpita njia akiisikia sauti hiyo alijua unga wa leo ni laini. Wakiitana waliitana dada, na wakila walikula sahani moja.

Siku moja Tembo akamwita Kongoni, akampa kigoda, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye msimamizi wa ua wangu.

Basi Kongoni akakaa. Naye, maskini, alidhani kigoda kazi yake ni kumtenga mtu na wenzake. Akaacha kula nao. Akataka aitwe Bi Mkubwa. Asubuhi akipita hakuuliza mtu ameamkaje. Lakini michi ikianza tu, mikono yake ilichezacheza mapajani. Ilitamani kutwanga, na mwenyewe aliona haya kusogea.

Nafasi yake kinuni ilikuwa wazi, akatafuta mtu. Akaja Nyati. Kongoni alimuuliza jambo moja tu, ana nguvu kiasi gani. Nyati akajibu kwamba akitwanga yeye, bonde zima hutetemeka. Akachukuliwa papo hapo, hata mchi hajashikishwa.

Siku ya kwanza Nyati alitwanga bila kungoja mtu, mchi wa Digidigi ukarushwa nje. Siku ya pili ukarushwa tena, ukapasuka ncha. Siku ya tatu mkono wa Digidigi ukabanwa, akasimama akiupuliza.

"Wenzako wanatwanga, wewe umesimama," akasema Kongoni kutoka kigodani.

"Nangoja zamu yangu, Bi Mkubwa. Zamu yenyewe siioni."

"Kaza mkono."

Digidigi akaurudia mchi wake. Jua lilipopanda akaja mbele ya kigoda, mchi begani. "Bi Mkubwa, nimekuja kuaga."

Jina hilo Kongoni alilitaka mwenyewe, na siku hiyo lilimchoma. Moyoni alisema dada, usiende. Mdomoni likatoka, "Haya, safari njema." Digidigi akavuka kijito, akaenda zake.

Kongoni akamwajiri Ngiri. Siku tatu, akaondoka. Akamwajiri Nyani. Siku tatu, akaondoka. Akamwajiri Kanga, aliyejisifu kuliko wote. Huyo hata siku tatu hakumaliza. Unga ukatoka chenga tupu, na Tembo akatuma salamu kwamba hakuomba ugali wa mchanga.

Salamu za Tembo zilimsumbua, lakini sizo zilizomkosesha raha. Kilichomkosesha raha ni ile ti. Kila kukicha alisikia tu, tu, akaingojea, isije. Alimkumbuka Digidigi mpaka chakula kikamshinda.

Asubuhi moja upepo ukavuma kutoka ng'ambo ya kijito. Tu, tu, ti. Kongoni akaruka kutoka kigodani. Alivuka maji bila kukunja nguo, akamkuta Digidigi kwenye kinu cha Swala wawili.

"Dada," akasema, "kinu kinakungoja."

"Kinaningoja mimi, au kinangoja unga?"

Kongoni akainamisha kichwa. "Ninayekungoja ni mimi."

Digidigi akaushusha mchi. Macho yake yalilowa. "Neno hilo ungelisema siku ile, nisingelivuka maji. Sasa hawa wamenipokea. Hawakuniuliza nguvu. Walinitwangisha nao asubuhi moja, wakanisikiliza, ndipo wakanipa nafasi. Siwezi kuwaachia pengo kama uliloniachia wewe ulipokalia kigoda."

Kongoni hakumlazimisha. Walikula pamoja sahani moja, kama zamani, kisha akarudi kwao peke yake.

Alikisukuma kigoda ukutani, akawauliza Pofu na Nyati wameamkaje, na akangoja jibu. Akashika mchi. Nyati akafundishwa kungoja: ukitwanga, gonga ukingo wa kinu, umwachie mwenzako. Kumbe Nyati hakuwa mbaya, hakuna aliyewahi kumwonyesha. Unga ukaanza kulainika.

Lakini zamu ya Digidigi Kongoni hakumpa mtu. Ikifika, aligonga ukingo mtupu, ti, akatega sikio. Siku nyingine kimya. Siku nyingine, kutoka ng'ambo, ikaitika: ti.

Ndiyo maana mpaka leo mtwangaji hugonga ukingo wa kinu. Wengine husema anakung'uta unga. Mimi nasema anamwita aliyeondoka.

Ewe unayewasimamia watu, kabla hujamchukua mtu msikilize akifanya kazi na wenzake, na neno la kumzuia usilimeze akiwa bado mlangoni.

Ngano yangu nimeitwanga, pumba zimepeperuka, unga gawaneni. Na yule anayesinzia kule nyuma, kesho mchi ni wake.