Pima ya Shakombo

Alikuwepo tajiri mmoja, Shakombo, mwenye mikono mirefu kama ya kima. Kamba za makumbi ya nazi alizosokota mama mmoja, Mwatime, alizinunua kwa pima ya mikono yake iliyonyooshwa, kisha akawauzia watu wa ng'ambo kwa pima ya karani wake mfupi. Mwatime alipomletea fimbo ya mita, aliicheka.

Siku moja mnunuzi wa ng'ambo akaja amenuna. "Nasikia pima mnayonunulia na mnayouzia hazilingani. Nipeni kipimo kimoja, au nitanunua kwingine."

"Kipimo chetu ni mikono ya tajiri," akadakia Mwatime. "Au nakosea, bwana?"

Shakombo akavimba mbele ya watu. "Hukosei."

"Basi nipimie mwenyewe," mgeni akasema.

Shakombo akanyoosha mikono, akaona kamba inavyoyoyoma, jasho likamtoka. "Mwatime," akanong'ona, "ile fimbo iko wapi? Tupime kama dunia nzima."

Mwatime akaichomoa ndani ya kanga. "Hii hapa, bwana. Na kwangu utanunulia hiihii."