Amplifaya ya Mzee Mhoja

Ugonjwa wa ngomani haupimwi mezani.

Haya, chekeni mpaka mchoke. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo fundi baiskeli, mkaona kachanganyikiwa: ngoma iko wapi, na meza iko wapi? Baiskeli inaachia mnyororo ikipanda mlima. Fundi kaipindua miguu juu, kazungusha gurudumu kwa kidole, anasema haina kitu. Shangazi yenu kamjibu sawasawa. Mmeuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka hapahapa Tabora, wala si ya kale kama mnavyodhani. Ilizaliwa hivi.

Palikuwa na mwalimu wa sayansi aliyeitwa Kalunde, mwanamke mwenye mikono isiyotulia. Asubuhi alifundisha. Akitoka shule, aliunda amplifaya za gitaa. Hakuwa fundi wa kuweka kibao mlangoni. Aliunda kwa kupenda tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Alikusanya redio kuukuu zilizokufa, akachomoa zile taa za kioo ambazo mafundi wa zamani waliziita vali, akazipanga juu ya bati, akaunga waya mmoja mmoja kwa risasi ya kulehemu, kisha akafungia kila kitu ndani ya sanduku la mninga pamoja na spika yake. Ukiiwasha, taa zile hutaka muda kidogo zipate moto, zinawaka wekundu kama kaa jikoni, na hapo ndipo gitaa linapoanza kusema. Wanamuziki waliapa kwamba hakuna mashine ya dukani yenye sauti tamu namna ile.

Sasa, Kalunde alikuwa na desturi yake. Kila amplifaya, iwe mpya au imerudishwa ina hitilafu, aliitoa sandukuni, akailaza mezani, na mahali pa spika akafunga koili ya jiko la umeme ili mashine ifanye kazi yake yote bila kutoa sauti. Jirani yake alikuwa mkunga wa zamu za usiku, analala mchana, na ole wako umwamshe! Mashine ilikaa hivyo saa tatu, Kalunde akisahihisha madaftari na kutupia macho vipimo vyake. Saa tatu zikipita salama, alitamka neno moja tu: “Nzima.” Na akishasema hivyo, hakuna aliyebisha.

Basi aliiundia bendi ya Asali Jazz mashine moja, kwa ajili ya mpiga gitaa wao, Mzee Mhoja. Mtu huyo alikuwa na miaka sitini kasoro miwili, na vidole vyake ndivyo vilivyoijenga bendi. Bendi ilipiga kila Jumapili alasiri, lile dansi la mchana lililoitwa bugi. Jumapili moja, katikati ya wimbo, watu wamekolea, gitaa likakata ghafla. Kimya! Kisha, baada ya muda, likarudi lenyewe.

Kiongozi wa bendi, Kapteni Ngasa, akaipeleka mashine kwa Kalunde. Saa tatu mezani. “Nzima.” Jumapili ya pili, mambo yaleyale. Ikapelekwa tena, saa tatu tena, na Kalunde, ambaye sasa alianza kukereka kidogo, akasema, “Kapteni, nimekwambia ni nzima.”

Ngasa si mtu mbaya, lakini alikuwa na haraka ya maamuzi. Jumapili ileile ya pili, sauti iliporudi, alikuwa amempa gitaa mpigaji wa pili, Doto, apige nyimbo mbili kwa mashine ileile. Haikukata hata kidogo. Basi akahitimisha kama ambavyo hata nyinyi mngehitimisha: mashine ni nzima, Doto kapiga vizuri, kilichobaki ni vidole vya mzee. Akampa Mhoja manyanga atikise nyuma ya jukwaa. Manyanga! Mtu aliyepiga gitaa miaka thelathini.

Katikati ya wiki Mhoja akabisha hodi kwa Kalunde. Mashine ilikuwa bado imelala mezani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, maana wewe husemi uongo. Hii mashine ni nzima kweli?”

“Nimeipima mara mbili, mzee wangu.”

“Basi ni vidole.” Akavinyoosha mbele yake, akavitazama. “Nyumbani vinapiga. Lakini ukiambiwa na watu wote umechoka, hata wewe mwenyewe unaanza kuvisikia vinachoka. Jumapili nitamwachia Doto gitaa langu moja kwa moja. Sitaki kuliona tena.”

Kalunde alitaka kumwambia pole yaishe. Lakini kuna jambo lilimkera. Mtu mwenye vidole vilivyochoka hukosea noti, huchelewa, hukwaruza. Hanyamazi kama taa iliyozimwa.

“Mzee, ilipokata, ulikuwa unapiga nini hasa?”

Mhoja akamtazama. “Hilo hujawahi kuniuliza.”

Ilikuwa kweli, na Kalunde aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Siku zote alikuwa akiiuliza mashine tu.

“Ni ule wimbo wa warina asali,” Mhoja akasema. “Mara zote mbili. Kiitikio cha tatu, pale ninaposhuka kwenye uzi mnene na kutembea nao kule chini.”

“Na Doto, anashuka huko?”

“Doto? Ha! Yule ni wa nyuzi nyembamba. Yuko juu siku zote kama kasuku.”

Kalunde akacheka, halafu kicheko kikamkatikia mdomoni. Akaitazama meza yake. Bati limelala kimya, spika hakuna, kikombe cha chai pembeni hakina hata wimbi.

“Uzi mnene ukiupiga kwa nguvu, unatikisa nini?”

“Unatikisa kila kitu, mwalimu. Jukwaa, chupa, matumbo ya watu.”

“Mezani kwangu hakitikisiki kitu,” Kalunde akasema polepole. “Mzee, usimpe mtu gitaa. Jumapili tunakwenda wote.”

Jumapili akairudisha mashine sandukuni na spika yake, akaacha ubao wa nyuma bila kuufunga. Mkononi alikuwa na mwiko mkavu wa mbao, maana umeme wa taa zile unaua, na hauguswi kwa kidole wala kwa kitu cha chuma. Watu walipomwona mwalimu wa sayansi anaingia dansini na mwiko, wakauliza kama leo kuna ugali.

“Kapteni, mpe mzee wimbo mmoja,” akasema.

“Mwalimu, si wewe uliyesema mashine ni nzima?”

“Ni mimi. Leo naomba iniumbue mbele za watu.”

“Na isipokata?”

Mhoja akajibu mwenyewe. “Isipokata, nitatikisa manyanga mpaka nife, na hutanisikia nikinung’unika.”

Wakaanza. Kalunde alichuchumaa nyuma ya sanduku, jasho likimtoka. Maisha yake yote aliziombea mashine zake uhai. Siku hiyo aliiombea moja ife. Kiitikio cha kwanza kikapita salama. Cha pili kikapita. Ngasa akaanza kutikisa kichwa. Taa zimewaka, sanduku limepata moto, watu wanacheza. Kikaja cha tatu, Mhoja akashuka kwenye uzi mnene, sanduku likatetemeka mpaka Kalunde akalisikia kwenye magoti, na gitaa likakata.

Miluzi ikaanza. “Mzee kachoka huyo! Mpeni kiti!” mtu akapiga kelele. Mkono wa Mhoja ukalegea kwenye nyuzi.

“Usiache!” Kalunde akapaza sauti. “Piga, mzee! Piga hivyohivyo!”

Mhoja akafumba macho akaendelea kupiga, sauti hakuna, vidole vikitembea kama mtu anayezungumza nyuma ya kioo. Mpiga ngoma akawa anamfuata kwa macho. Kalunde akaanza kugonga kwa ncha ya mwiko kila mahali palipounganishwa kwa risasi. Hapa, kimya. Pale, kimya. Akagusa kiungo cha tatu, pembeni kabisa, akakikandamiza, na gitaa likalipuka, katikati ya mstari uleule, kwenye pigo lilelile, kama halijawahi kunyamaza. Akainua mwiko, kimya. Akakandamiza, sauti! Na kila sauti iliporudi ilimkuta Mhoja yuko mahali pake, hajapotea hata noti moja.

Sasa ukumbi wote ukaelewa. Ilianza kwa mtu mmoja kupiga makofi, ikaishia watu wamesimama juu ya viti. Kalunde alibaki amechuchumaa na mwiko wake mpaka wimbo ulipokwisha, mkono unamuuma, hakuthubutu kuuondoa.

Baadaye wakamulika ndani kwa tochi. Kiungo kiling’aa vizuri tu kwa nje. Lakini siku ya kukiunga, Kalunde aliusogeza waya kabla risasi haijakauka, pengine alikuwa na haraka ya madaftari, na risasi ikaushika waya kwa ngozi tu. Mashine ikitulia, vinagusana. Ikipata moto na kutikiswa na uzi mnene, vinaachana.

“Kosa ni langu,” akasema mbele ya bendi nzima. “Si la mzee. Na si kosa moja. Nilikosea kuunga, kisha nikakosea mara mbili kusema.”

Kapteni Ngasa alikuwa amevua kofia anaizungusha mikononi. “Lakini mwalimu, uliipima. Saa tatu, na saa tatu nyingine. Mbona hukukiona?”

“Kapteni, ugonjwa wa ngomani haupimwi mezani.”

Ngasa akamgeukia Mhoja amwombe radhi. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, gitaa mapajani, machozi yanamtoka wazi wala hayafuti.

“Usihangaike, Kapteni,” akasema. “Wewe sikukulaumu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuwaamini.”

Kalunde akayasikia hayo, akaibeba mashine kwenda kukiunga upya kile kiungo. Tangu siku hiyo, mtu akileta mashine kwake, kwanza alimpa kiti na kumwambia apige. Mkunga alilalamika mpaka akazoea. Na mjini watu wakalichukua lile neno, wakalitumia kwa baiskeli, kwa ndoa, kwa watoto wanaofeli mitihani, nasi tukalirithi: ugonjwa wa ngomani haupimwi mezani.